Nilimwekea Mama Mabati, Damu Ikamwagika Juu ya Paa

Ngazi iliondoka chini ya miguu yangu!

Nikadaka ukingo wa paa kwa vidole, miguu ikaning'inia hewani. Chini yangu kulikuwa na mabati mapya, makali kama wembe...

"Cheruiyot! Rudisha ngazi! Naanguka!"

Kaka yangu, tumbo moja, aliinua uso akanitazama. Halafu akaokota mbao ndefu.

"Si uanguke!"

Akanitwanga nayo vidoleni.

Wueh! Jameni, nilisikia mfupa ukilia ka!

Ngoja niwaeleze tulifikaje hapo.

Naitwa Jelagat, ni nesi huku Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Marehemu baba alikuwa afisa wa misitu. Serikali ilipomleta Lodwar, mji wa jangwani, alijenga nyumba, akaiezeka vigae vya mbao alivyoagiza kutoka kwetu milimani. Lakini jua la Lodwar mnalijua. Vigae vilikauka, vikajikunja, vikapasuka. Siku ya mvua Mama alikuwa analala ameketi jikoni, mahali pekee pasipovuja.

Nikamtafuta Dieudonné, fundi Mkongo wa kambini, nikaja naye Lodwar siku moja Mama akiwa sokoni. Alipanda, akagonga huku na kule, akashuka akitabasamu.

"Dada, mbao ya chini iko nguvu. Hatubomoi kitu. Tunapigilia fito juu ya vigae, halafu mabati juu ya fito. Hewa itapita katikati, mama hatachomwa na joto."

Nilirudi kazini, na Mama hasikii vizuri kwa simu. Kwa hivyo kila neno nilimpitishia Cheruiyot, anayeishi naye.

"Mwambie Mama namwekea paa jipya."

"Nimemwambia, sister. Amefurahi mpaka akalia!"

Siku ya kazi Mama alikuwa kanisani na wenzake. Upande mmoja ulikuwa umeshafunikwa, unang'aa. Nikapanda kumpelekea fundi misumari. Ndipo ngazi ikaondoka...

"Usiachilie, dada! Shika!"

Dieudonné alilala kifudifudi, akanishika kifundo cha mkono, akanivuta juu kama gunia.

Sijapumua hata kidogo, nikasikia ngazi ikiegemezwa tena. Kichwa cha Cheruiyot kikatokea. Mkononi ana panga!

"Shuka, mkimbizi! Hii nyumba ni ya baba yangu!"

"Kaka, nakuomba, usisogee. Mimi ni mutu wa kazi tu. Niko na watoto."

Akarukia juu ya paa, panga likashuka. Dieudonné aliinua mkono kujikinga, likampasua kuanzia kiwiko hadi kiganja. Damu ikatiririka kwenye bati, nyekundu juu ya fedha.

Sikufikiria. Nilimpiga Cheruiyot teke gotini kwa nguvu zangu zote!

Akateleza. Akashika ukingo wa bati, bati likamchana kiganja, akaachilia... Puu! Akatua kwa bega. Alivyopiga mayowe, nilijua limevunjika.

Hapo hapo lango likafunguliwa. Mama!

"Mama! Cheruiyot anataka kutuua!"

Mama aliniangalia. Akaangalia mabati. Akainama, akaokota jiwe.

Nikajua anamtandika Cheruiyot.

Jiwe likanipata mimi. Hapa, kwenye paji la uso.

"Shuka kwa nyumba yangu, mwizi wewe!"

"Mama... ni mimi Jelagat!"

"Najua ni wewe! Mimi ndiye nilimwambia asikuache umalize!"

Damu iliniingia machoni lakini kilichouma kilikuwa kifuani.

"Kwa nini, Mama?"

"Unajifanya hujui? Si ulisema paa likiisha unaweka wapangaji, mimi nipelekwe kijijini nikafie huko?"

"Nilisema na nani?"

Polepole Mama akamgeukia Cheruiyot.

"Uliniambia hayo ni maneno ya dada yako."

Cheruiyot alikuwa anagaagaa mchangani.

"Mama, mimi ndiye mwanaume hapa! Akishaweka mabati, watu wote watasema nyumba ni yake!"

"Nimekuuliza. Alisema au hakusema?"

Akaficha uso mchangani.

"Cheruiyot!"

"...Hakusema."

Mama aliichukua ile mbao. Jameni, mwanamke wa miaka sabini! Alimtandika mgongoni, miguuni, kwenye bega lile lile lililovunjika, huku analia kwa sauti.

"Umenifanya nimpige mtoto wangu jiwe! Jiwe, Cheruiyot!"

Kama jirani yetu Ekuru hangeruka ua akamkumbatia kwa nyuma, Mama angeua siku hiyo.

Polisi walimpeleka Cheruiyot hospitali, kisha mahakamani kwa panga alilompiga Dieudonné. Mama alitoa ushahidi dhidi ya mwanawe mwenyewe, bila kuyumba. Lakini usiku namsikia akimwombea.

Dieudonné alirudi mkono ulipopona, akamaliza kazi. Nilidhani hatakuja. Akaniambia, "Dada, nyumba haikunikata. Mutu ndiye alinikata."

Mimi nina kovu. Vidole viwili havikunjiki. Mama akiniosha uso huwa anapita juu ya kovu haraka haraka, kama linamchoma yeye.

Sasa wewe unayesoma, uko Nairobi, uko Dubai, unatuma mazuri nyumbani kupitia mdomo wa mtu mwingine... Panda gari uende. Kaa karibu na mzazi wako, mwambie mwenyewe, masikioni, mpaka aelewe. Mimi na Mama tulipendana kila siku, na bado tulikaribia kuuana, kwa sababu katikati yetu tulimweka mtu mmoja.