Likoke na Beseni la Klimatizeri

Kila siku saa nne, kengele ya mapumziko ilipolia, wanafunzi wa darasa la sita walikimbilia uwanjani. Likoke alikwenda ofisini kumwaga maji.

Ofisini kwa mkurugenzi wa shule, aliyeitwa Citoyen, yaani Raia, Kabwe, kulikuwa na klimatizeri, mashine ya baridi yenye magurudumu, iliyoachwa na fundi mmoja mgeni wa kambi ya jeshi aliporudi kwao. Wakati wa mvua mashine hiyo ilidondosha maji mengi kupitia tundu la chini. Maji yaliingia katika beseni dogo, na beseni lisipomwagwa kila mara lilifurika. Kazi hiyo ilikuwa ya zamu, lakini wenzake walipoona kwamba Likoke halalamiki, walimwachia zamu zote. Walikuwa watoto wa shule, si malaika.

Likoke hakulalamika kwa sababu hakuwa na mtu wa kucheza naye. Baba yake alikuwa askari kutoka Mbandaka, na walikuwa na miezi mitatu tu hapa Kamina. Nyumbani walizungumza Kilingala. Wasichana wa mjini walikicheka Kiswahili chake, naye akaamua kunyamaza. Upweke ulimuuma hasa wakati wa mapumziko, aliposikia wenzake wakiimba na kupiga makofi uwanjani. Aliyemsalimia, tena kwa neno la Kilingala, alikuwa mmoja tu, mzee Gamaliel, mlinzi na mfagizi wa shule.

"Mbote, mwana. Beseni inajaa?"

"Inajaa, Papa."

Siku nyingine hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake yote nje ya darasa.

Jumanne moja, Mujinga, msichana mwenye sauti kubwa kuliko wote darasani, alisimama mlangoni pa ofisi.

"Likoke, kuya! Tunakosa muntu moya. Unajua nzango?"

Kama anajua! Mchezo huo wa kuruka na kurusha miguu alikuwa ameucheza Mbandaka tangu utotoni. Moyo ulimruka kabla ya miguu. Lakini beseni je?

Ndipo alipokumbuka jinsi baba yake alivyokuwa akitoa petroli ndani ya pipa. Alitumbukiza mpira, akanyonya ncha ya pili, na petroli ikapanda ukingo wa pipa na kushuka yenyewe. Likoke alichukua mpira wa kumwagilia bustani, akatia ncha moja katika beseni na kuupitisha dirishani. Akatoka nje, akanyonya mpaka maji yakamfika mdomoni, kisha akaiachia ncha ardhini. Maji yalitiririka vizuri. Aliyaona kwa macho yake, akakimbia kucheza.

Alicheza mpaka kengele ikalia. Shule ilipofungwa, alitembea na Mujinga mpaka penye reli, wakicheka njia nzima. Hakurudi kutazama beseni. Citoyen Kabwe naye alikwenda mkutanoni, akaiacha mashine ikinguruma mpaka jioni.

Kesho yake asubuhi, wanafunzi walipokuwa wamejipanga mbele ya bendera, mkurugenzi alitoka ofisini na katoni iliyolowa, ile iliyokuwa sakafuni kando ya beseni. Ndani yake zilikuwamo fomu za mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Wino ulikuwa umeenea, na picha za wanafunzi zilikuwa zimegandana.

"Gamaliel!" alisema kwa hasira. "Kazi yako ya kuangalia ofisi iko wapi? Leo njo siku yako ya mwisho hapa."

Gamaliel alivua kofia. Mujinga alianza kulia, maana picha yake ilikuwa imeharibika kabisa.

"Muntu mwenye alifanya hivi," alisema, "sitamusemesha tena!"

Likoke alikumbuka mpira aliouacha katika beseni. Akinyamaza, leo saa nne atacheza tena. Akisema, atarudi kwenye ukimya wake. Alimtazama Gamaliel. Mzee alimtazama pia, kisha akainamisha macho. Likoke akaelewa kwamba mzee aliuona mpira dirishani, akajua ni wa nani, na bado hakumtaja.

Alitoka katika mstari.

"Citoyen Directeur, ni minyi njo niliweka mupira. Papa Gamaliel hana kosa."

Mkurugenzi akawaita wote wawili ofisini. Gamaliel ndiye aliyeeleza kilichotokea.

"Ndani ya pipa, petroli iko mingi, mupira haikose cha kunywa. Hapa beseni ilikauka, mupira ikameza hewa. Mayi iliporudi, hakukuwa muntu wa kuinyonya tena."

Siku hiyo hiyo Gamaliel alitoboa ukuta karibu na sakafu, akafunga mpira kwenye tundu la mashine na kuutoa nje ukiteremka. Beseni halikuhitajika tena. Likoke alibaki kila siku baada ya masomo kuandika upya fomu za darasa zima. Hakuna aliyemsemesha. Uwanjani, msichana mwingine alichukua nafasi yake katika nzango, na sasa hakuwa hata na beseni la kusingizia kwamba lilimzuia kucheza.

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, kazi ya pamoja. Darasa la sita lilichimba mfereji kutoka ukutani mpaka kwenye tuta la lengalenga, yaani mchicha. Kabla hawajaanza, mkurugenzi aliwakusanya.

"Minyi pia nilikosa," alisema. "Nilimuhukumu Gamaliel bila kumuuliza. Fomu zimeandikwa upya, na picha zitapigwa nyingine. Lakini Likoke angenyamaza, muntu mwema angepoteza kazi, na hiyo hatungeweza kuiandika upya. Musiache kazi kabla ya kuhakikisha inaenda bineza, vizuri kabisa. Na mukikosa, museme mapema, kabla mwingine hajalipa."

Likoke alichukua jembe, akaanza kuchimba mwishoni kabisa, mbali na wenzake. Baada ya muda alisikia jembe la pili kando yake. Alikuwa Mujinga. Walichimba, hatua baada ya hatua.

"Likoke," Mujinga alisema hatimaye, bila kuinua kichwa. "Chimba chini zaidi. Mayi haipandake."

Likoke alichimba chini zaidi, machozi yakimlenga, na Mujinga hakuondoka.