Nusu Saa ya Wenyewe

Mtungi wa chumbani kwa Bi Ghanima binti Muadh ulijazwa asubuhi, baada ya chai, na muda mfupi baada ya swala ya adhuhuri ulikuwa mkavu. Si kwamba maji yalikuwa yamepungua. Ulikuwa mkavu kama chungu kilichotoka tanuuni, na ndani yake mna vumbi jepesi. Zuleha, aliyeujaza kwa mikono yake, aliupindua, akaugonga kwa kidole, akatafuta ufa asiuone. Sakafu nayo haikuwa na tone.

"Bibi, maji yote umeyanywa?"

"Maji gani, mwanangu?" alisema Bi Ghanima kutoka kitandani. Midomo yake ilikuwa imechanika. "Tangu asubuhi nakungoja uniletee."

Huyu ni Zuleha binti Mkadam, mtu wa Pongwe, Tanga. Yafaa atajwe kwa ukamilifu, kwani nyumba ya pili alikuwapo Zuleha mwingine, wa Lamu, na watu waliwachanganya. Wa Pongwe alikuwa na mwaka wa tano akimhudumia Bi Ghanima, ajuza wa miaka themanini na mbili aliyezaliwa Malindi ya Unguja na kuletwa Omani akiwa msichana. Mwanawe Bi Ghanima, Khelef, alikijua Kiswahili cha kusikia jikoni tu. Kwa hiyo mle ndani wawili wale walikuwa na lugha yao, na vicheko vyao, na Bi Ghanima hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia alichoota usiku. Zuleha naye, ambaye mama yake alifariki yeye yuko ng'ambo, hakuwa na mwingine wa kumwita mwanangu.

Kijiji kinaitwa Hayl Muzahim katika karatasi za serikali; wenyewe husema Hayl, basi. Ukitoka Izki kwa gari unaiacha barabara kubwa, unafuata wadi, bonde la mto mkavu, kwa dakika ishirini na tano, na ghafla katikati ya milima yenye rangi ya chuma unaona kijani. Nyumba zipo sitini na kitu. Pana mitende, milimau, vitalu vya majani ya mifugo, mbuzi, na vijana wanaofanya kazi Maskati na kurudi Alhamisi na nguo chafu. Vyote hivyo vinaishi kwa falaji, yaani mfereji uliochimbwa na watu wa kale chini ya ardhi kutoka mguuni mwa mlima. Maji hutoka juu ya kijiji, hupita pa kuchotea, hupita msikitini, kisha huingia mashambani kwa zamu. Zamu ni nusu saa nusu saa, na mzunguko mzima ni siku nane. Mtu wa Hayl atakuazima gari lake na atakuoza binti yake, lakini dakika moja ya maji ya zamu yake hakuachii.

Siku ile ya mtungi Zuleha aliujaza tena, akakaa pale pale mlangoni kupembua mchele. Bi Ghanima alilala. Kupitia dirishani ilikuja harufu ya tope na ukoga, harufu ya chini ya daraja, ilhali nje jua lilikuwa la kuoka mkate. Kisha akasikia mtu anagugumia maji. Gugu, gugu, gugu, koo pana linalomeza bila kupumzika. Aliinua macho. Midomo ya Bi Ghanima ilikuwa imefumbwa. Sauti ilitoka kifuani mwake.

Ilidumu nusu saa, ikakoma.

Khelef alirudi kutoka ofisini Izki, akamkuta mama yake macho yamezama.

"Zuleha, kwa nini mama hapana kunywa maji?"

"Anakunywa, Bwana Khelef. Amekunywa mitungi miwili."

"Mitungi mbili, na mdomo iko hivi? Wallahi wewe unalala mchana."

Walimpeleka hospitali. Sukari njema, figo njema, damu njema. Daktari alisema ni joto na uzee, akamtundikia dripu. Bi Ghanima akachangamka, akamtania nesi kuwa mkono wake mzito kama wa mpiga pasi. Walirudi nyumbani, siku zikapita, Zuleha akaanza kujilaumu kwa kuiogopa ile sauti. Siku ya nane, baada ya adhuhuri, harufu ya tope ikarudi, na koo likaanza kumeza. Na siku ya nane nyingine baada ya hiyo. Mara hii ya tatu Zuleha alipomgeuza Bibi ubavu aliona ngozi ya mgongo imejikunja ikabaki imejikunja, kama karatasi. Alikuwa mwepesi. Alibebeka kwa mkono mmoja.

"Mwanangu," alinong'ona Bi Ghanima, "hivi hapa ndani mmeingia wageni?"

"Hapana, Bibi. Niko mimi tu."

"Basi waambie wasisukumane."

Kesho yake Zuleha alikwenda kufua shuka pale mfereji unapopita nyuma ya nyumba. Musa bin Iqbal, mfungua maji wa kijiji, alikuwa amechutama akiziba tundu kwa jiwe lililozungushiwa matambara, maana ndivyo maji ya falaji yanavyofungwa na kufunguliwa, kwa jiwe bapa na matambara. Musa alikulia Chake Chake na mdomo wake haukupata kuzibwa na jiwe lolote.

"Ehe, binti Tanga! Umekonda. Jini lako limekataa ugali wa Kiarabu?"

"Usinitanie leo, mzee Musa. Bibi anakauka."

Akamweleza: mtungi, koo, harufu, siku nane, nusu saa. Musa aliacha kucheka katikati ya hadithi. Alipangusa mikono yake polepole kwenye kikoi.

"Saa ngapi?"

"Saba na nusu mpaka nane."

"La hawla," alisema Musa. Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Unakiona kile kiwanja kule mwisho, chenye ukuta wa udongo, hakina mti?"

"Nakiona."

"Kile ni cha Wenyewe. Waliochimba falaji hii, huko chini gizani, walikuta maji yana watu. Wakapatana: mtupishe, na kila mzunguko nusu saa moja ni yenu. Tangu baba wa babu yangu, siku ya nane, saa saba na nusu, maji yanafunguliwa kwenda mle. Hayanyweshi kitu. Yanamwagika, yanakwisha, tunaondoka bila kugeuka nyuma. Mwaka huu maji yamepungua. Bwana wako Khelef amekuwa wakili wa falaji, msimamizi wake, kaweka zamu zote kwenye simu. Akasoma mbele ya watu: nusu saa hii haina mwenyewe, haina jina, inapotea. Akaitia kwenye shamba la mama yake. Nikamwambia. Akaniambia mimi ni mzee."

"Imetiwa huko mara ngapi?"

"Tatu."

Zuleha alisimama na shuka mikononi, maji yakimtiririka miguuni.

Ni yeye aliyemshikilia Khelef mpaka akaitwa Maalim Wadhah, msomea wagonjwa kutoka upande wa Bahla, mtu mfupi wa maneno machache. Maalim alifukiza ubani, akaweka kiganja juu ya paji la Bi Ghanima, akasoma. Alisoma kwa muda mrefu. Kikombe cha maji kilichokuwa karibu na goti lake kilishuka chenyewe, taratibu, kama kinachonywewa kwa mrija, na mwishowe midomo ya Bi Ghanima ikafunguka, ikatoka sauti isiyo ya mwanamke wala mwanamume, sauti ya kisima, ikasema kwa Kiarabu maneno ambayo hata Zuleha aliyafahamu: "Hatukuiba. Tunachukua chetu."

Maalim Wadhah akaufunga msahafu.

"Mwizi ningemfukuza," alimwambia Khelef. "Huyu anadai haki. Mrudishie zamu yake. Mzunguko wa nne hautakuta mtu hapa kitandani, utakuta gamba."

Khelef alikuwa amesimama karibu na mlango, uso umemwiva. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mama yake, na alimwogopa Mungu kwa kweli.

"Kumwagia jini maji ni shirki, Maalim. Mimi nimesema mbele ya wenye falaji wote, nusu saa hii ni ujinga. Leo niende, niseme mama yangu ameshikwa? Nitampeleka hospitali, Maskati. Jumapili."

"Siku ya nane ni Jumamosi," alisema Zuleha.

"Wewe nyamaza!"

Jumamosi ikafika. Khelef alikuwa shambani kwa mama yake tangu saa saba, akisimamia maji kwa simu mkononi, makusudi, ili watu wamwone haogopi. Zuleha alikaa kitandani, kichwa cha Bi Ghanima mapajani mwake, akimlowesha midomo kwa pamba. Pamba ilikauka kabla haijafika.

"Bibi, nisemeshe. Niambie habari za Malindi."

"Kulikuwa na... bomba," alisema Bi Ghanima. "Tukichota..."

Harufu ilikuja kwanza, nzito, ya tope lililokaa gizani miaka mia, ikafuata ile sauti ya koo, gugu, gugu, lakini leo halikuwa koo moja, ilitoka kifuani mwa Bibi na chini ya kitanda na nyuma ya kabati na ndani ya kuta, makoo makubwa na makoo madogo, ya watoto, yanapokezana na kusukumana kama mbuzi birikani, na Zuleha akaona kwa macho yake, mchana kweupe, jua limejaa chumbani, mashavu ya Bi Ghanima yakiingia ndani, na mishipa ya shingo ikilala mmoja baada ya mmoja, na mkono aliokuwa ameushika ukipungua ndani ya mkono wake, ukipungua, mpaka pete ya fedha ikachomoka kidoleni yenyewe ikaanguka sakafuni.

Akakilaza kile kichwa juu ya mto, akakimbia.

Alikimbia bila viatu juu ya changarawe ya moto, akapita nyuma ya msikiti, akapita vitalu vya majani, mpaka penye jiwe la mwisho, lile lililozibia kiwanja cha Wenyewe. Katika Hayl mtu asiye na zamu hagusi jiwe la falaji, sembuse mwanamke, sembuse mgeni. Watu wamewahi kutoana damu kwa jiwe kama lile. Musa alikuwa pale. Alimwona anakuja, akajua anakuja kufanya nini, akageuka akatazama mlima.

Zuleha alizamisha mikono yote miwili, akang'oa matambara, akalivuta jiwe. Maji yaliyokuwa yanakwenda kwa Khelef yakasita, yakapinda, yakaingia kwenye kiwanja kisicho na mti.

Hayakuenea. Kila tone lililofika lilitoweka, na udongo ukawa unaingia vijishimo kama unaopigiwa magoti, hapa, pale, kumi, thelathini, kiwanja kizima, na ile sauti ya kugugumia ikasikika pale nje, waziwazi, mbele yake. Musa alijifunika masikio.

Khelef alikuja mbio, kanzu ameishika mkononi, akipayuka kwa Kiarabu.

"Mwizi! Mwizi wa maji! Nani amekupa ruhusa? Kesho nakukata tiketi! Kesho, wallahi, unarudi kwenu!"

"Nirudishe," alisema Zuleha. Alikuwa analia. "Lakini leo acha jiwe."

Khelef aliinama kulirudisha. Mikono yake ilifika majini ikakomea hapo, kwani kutoka nyumbani, juu ya kelele zote, ilisikika sauti kali ya kizee ikiita kwa Kiswahili cha Malindi:

"Zuleha! We Zuleha! Nyumba hii ndiyo haina hata chai?"

Waliporudi walimkuta Bi Ghanima ameketi, amejaa uso, ananuna. Alikunywa chai vikombe viwili, na vikombe vile viwili vilimtoa jasho, jasho la mtu. Khelef alilia juu ya miguu ya mama yake mbele ya mtumishi, na ya tiketi hakuyataja wiki ile.

Mzunguko uliofuata alikwenda mwenyewe kurudisha nusu saa. Alikwenda na Musa na wazee sita wenye zamu, akasema mbele yao kuwa alikosea, jambo lililomgharimu kuliko yeyote kati yao alivyojua. Saa saba na nusu akalivuta jiwe kwa mkono wake.

Maji yalikwenda hatua mbili, yakasimama. Yalisimama kwenye mteremko, yamejaa, yanatetemeka, kama yamewekewa kioo. Khelef akalirudisha jiwe, akasema bismillahi, akalivuta tena. Yakasimama. Musa alijaribu. Yakasimama. Tope likaanza kunuka, na kutoka upande wa nyumbani mtu alianza kukohoa kikohozi kikavu.

Musa ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo: "Mwiteni binti."

Zuleha alitolewa jikoni, mikono ina unga. Watu wakampisha njia, mbali zaidi ya ilivyohitajika, na hakuna aliyemtazama usoni. Khelef, ambaye hakupata kumsemesha bila amri, aliinamisha kichwa.

"Bi Zuleha," alisema, "tafadhali."

Zuleha alichutama, akazamisha mkono kulishika jiwe. Maji yakaondoka papo hapo, kwa furaha, yakakimbilia kiwanjani, na kikohozi kule nyumbani kikakatika. Alitaka kuutoa mkono. Ndipo alipohisi, chini ya maji, vidole vyembamba vikimshika kwa adabu, vikaugeuza mkono wake, na midomo ya baridi ikaubusu mgongoni, kama mtoto anavyobusu mkono wa mama wa nyumba. Vikauachia. Vikaja vingine, vidogo zaidi. Midomo mingine ikaubusu. Vikaja vingine.

Zuleha alikaa pale juani, wazee nyuma yake wakiyatazama maji tu, na chini ya maji wakapita wote, mmoja mmoja, mpaka nusu saa yao ikatimia.