Kadi Tatu za Mtoto Mmoja

Kadii alitua debe la maji, akatwaa jembe, akaenda kupalilia mahindi. Kabla hajamaliza mstari mmoja, alisikia mtoto akilia nyumbani. Akaweka jembe chini.

Hakushangaa. Alikuwa amechoka hata kushangaa.

Kadii na mumewe Lewa walikuwa wakulima wa Tezo, kaskazini ya mji wa Kilifi. Walikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka sita. Asubuhi hiyo miguu yake ilimuuma, mwili ulikuwa moto, na macho yalikuwa ya manjano.

"Panauma wapi, Kahonzi?"

"Hapa. Na hapa. Mama, usinishike."

Mama yake Lewa alikuwa ameketi mlangoni akichambua kunde. Mtoto alimwita Hawe, yaani bibi, na nyumba nzima ilimwita hivyo.

"Jina hili nalo limemkataa," Hawe alisema. "Atafutiwe jingine."

"Hili ni la tatu, mama."

"Basi litakuwa la nne. Wazee waliokufa ni wengi."

Katika nyumba ile mtoto alipewa jina la jamaa aliyekufa. Akiugua sana, walisema jina limemkataa. Shanga zake zilikatwa, akavishwa nyingine, akaitwa jina jipya. Tangu siku hiyo jina la zamani halikutajwa tena. Aliyelitaja, walisema, anauita ugonjwa urudi.

Mtoto huyu alipozaliwa aliitwa Kache. Vidole vyake vikavimba, akawa Sidi. Kisha akaishiwa damu, akawa Kahonzi.

Lewa aliingia uani, akasimama bila kuvua kofia.

"Wazee wa mbari yetu wamesema," alimwambia mkewe. "Kwetu hakuna mtoto wa namna hii. Ugonjwa umetoka kwenu Ganze. Asipopona, baada ya mavuno utarudi kwenu."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni wetu."

"Nani atambeba akilia?"

Lewa aligeuka akatoka. Naye alikuwa amechoka.

Kadii alimfunga mtoto mgongoni kwa leso, akashika njia ya hospitali. Alipofika dirishani, karani alichukua kadi mpya.

"Jina la mtoto?"

"Kahonzi Lewa."

"Amewahi kutibiwa hapa?"

"La," Kadii alisema, akatazama chini. Nyumbani zilikuwepo kadi mbili nyingine, zimefichwa kwenye makuti ya paa. Moja ilikuwa ya Kache, moja ya Sidi.

Daktari alimpeleka mtoto maabara akapimwe damu. Mpimaji aliitwa Simeoni Musyoka, Mkamba kutoka Machakos. Alikuwa amepanga chumba Tezo, na mara nyingi alinunua mihogo kwa Kadii. Alimdunga mtoto kidole, akamtazama sana.

"Mama, mtoto huyu nilimpima mwaka juzi."

"Si huyu."

"Kovu hili la nyusi nalikumbuka. Aliitwa Sidi. Tuliona dalili ya ugonjwa mkubwa katika damu yake. Siku ya majibu tulimwita kwenye benchi mara tatu, hakuitika mtu. Tukatuma mjumbe hadi kwenu, akajibiwa kwamba mtoto wa jina hilo hayupo."

Kadii alimvuta mtoto karibu.

"Nilikuwepo," alisema. "Nilikuwa nimeketi kwenye benchi hilo hilo, naye mapajani mwangu. Nilisikia mkiita. Shanga zilikuwa zimekatwa siku mbili kabla."

"Kwa nini hukuitika?"

"Ningeitikaje? Niliambiwa nikilitaja nitamwua."

Simeoni hakumkaripia. Alifungua daftari lake kubwa, akatafuta mistari mitatu ya miaka mbalimbali.

"Tazama. Kache, damu kidogo. Sidi, damu kidogo. Leo Kahonzi, damu kidogo. Kila mara daktari aliona mgeni. Aliyemtibu vidole hakujua habari ya damu. Aliyemtibu damu hakujua habari ya vidole. Magonjwa yote hayo ni ugonjwa mmoja, mama."

Alichukua tone la damu, akalichanganya na dawa juu ya kioo, akalifunika na kioo kingine chembamba. Walingoja. Kisha akamwambia Kadii aangalie katika darubini.

"Waona nini?"

"Naona vitu vidogo vingi. Vingine vya mviringo. Vingine vimepinda, vina ncha."

"Vimepinda kama nini?"

"Kama mundu wa kukatia nyasi."

"Ndiyo maana ugonjwa huu unaitwa selimundu. Wengine husema sikoseli. Chembe nzuri za damu ni za mviringo, hupita mishipani bila taabu. Hizi zikikosa hewa hupinda, zikakwama. Panapokwama ndipo panapouma. Tena hufa upesi. Kwa hiyo damu hupungua, na macho huwa ya manjano."

"Atapona?"

"Hapana. Sitakudanganya. Lakini hutunzwa, na mtoto huishi."

Kadii alifuta uso kwa leso. "Mume wangu asema ugonjwa umetoka kwetu."

"Mlete tuwapime nyote wawili. Damu haina maneno mengi."

Lewa alikubali kupimwa upesi, kwa kuwa alikuwa na hakika. Alitaka karatasi ya kuwaonyesha wazee. Damu za wote watatu zilipelekwa Mombasa zikapimwe kwa mashine ya umeme. Mashine hiyo huonyesha nani ana ugonjwa wenyewe na nani ana nusu tu.

Baada ya wiki tatu Simeoni alikuja na baiskeli yake, na majibu mfukoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Hawe alisema. "Leo Mkamba hajaja kupunja bei ya mihogo?"

"Leo nimekuja kuomba kunde."

"Mihogo haikutoshi sasa?"

Simeoni alicheka. Kisha akamgeukia Lewa. "Majibu nisome mbele ya mama?"

"Soma. Nataka asikie."

"Mtoto ana ugonjwa wenyewe. Kadii ana nusu." Simeoni alikunja karatasi. "Nawe Lewa una nusu."

Lewa aliinuka. "Mimi sijaugua hata siku moja."

"Mwenye nusu haugui. Hubeba tu, naye hajui. Mama, nipe vifuu viwili."

Alitia katika kila kifuu kunde mbili, nyeupe moja na nyeusi moja.

"Kifuu hiki ni Lewa. Hiki ni Kadii. Nyeusi ndiyo nusu ya ugonjwa. Mtoto huchukua punje moja kwa baba na moja kwa mama. Fumba macho, mama, uchote."

"Niwe mganga mimi?"

"Uwe mimba."

Hawe alicheka kidogo, akafumba macho, akachota.

"Nyeupe na nyeusi," Simeoni alisema. "Huyu ni mzima, lakini anabeba kama wazazi wake. Rudisha, uchote tena."

Zikatoka nyeupe mbili. "Huyu hana kitu. Tena."

Zikatoka nyeusi mbili. Hawe alifumbua macho, akavitazama viganja vyake.

"Ndiye huyu," alisema polepole, akimwangalia mtoto.

"Ndiye. Kati ya nafasi nne, moja ni hiyo. Wala msiseme mmoja keshaugua, basi watatu wajao watakuwa salama. Kila mimba ni kuchota upya."

"Ila hazikutoka kifuu kimoja," Hawe alisema.

"Haziwezi. Lazima kila kifuu kitoe moja."

Hawe alizishika zile kunde mbili.

"Lewa, kabla yako nilizaa wawili. Wote vidole vilivimba hivi. Wote macho yalikuwa ya manjano. Niliwazika. Babako alinirudisha kwetu mwaka mzima, kwamba nina mkosi. Nilichoka mimi. Kisha nikasahau, nikamchosha na huyu mkeo."

Lewa alivua kofia. Alikaa chini karibu na mkewe. Habari ya Ganze haikusemwa tena siku hiyo, wala baada ya mavuno.

"Sasa tufanye nini?" Kadii aliuliza.

"Anywe maji mengi, hasa wakati wa jua. Asinyeshewe, asishikwe na baridi. Kila siku apewe kidonge cha kuzuia malaria na kile cha kusaidia damu. Akipata homa, akipauka ghafla, akipumua kwa shida, au tumbo likivimba upande wa kushoto, msingoje kesho. Na mje na kadi moja, jina moja."

"Jina lipi?" Lewa aliuliza, akamtazama mama yake.

Hawe alizirudisha kunde vifuuni, moja moja. Hatimaye akasema, "La kwanza." Lakini siku hiyo hakulitaja.

Kadi mbili ziliteremshwa kutoka kwenye makuti, zikawekwa pamoja na ya Kahonzi. Simeoni alizipeleka hospitali, zikashonwa pamoja, akazirudisha. Lewa alinunua chupa ya maji yenye kamba, mtoto akaivaa begani. Mwezi wa Januari alianza shule. Siku nyingi zilikuwa njema, na Kadii alipalilia mistari yake mpaka mwisho.

Masika ilipofika, mtoto aliloa njiani, maumivu yakarudi. Kadii alipoingia ndani kumchukua, alimkuta Hawe amekwisha kujitanda leso. Kadi alikuwa nayo mkononi.

Dirishani karani aliuliza, "Amewahi kutibiwa hapa?"

"Mara nyingi," Hawe alisema.

Waliketi kwenye benchi lile la zamani. Watu walikuwa wengi. Mtoto alilala kidogo, akaamka, akanywa maji. Baada ya muda muuguzi alitokea mlangoni na kadi nene iliyoshonwa kwa uzi.

"Kache Lewa."

Kadii alifungua mdomo, lakini sauti ya kwanza ilikuwa ya Hawe.

"Yupo," alisema, akimshika mjukuu wake mkono. "Kache yupo hapa."