Swichi Sita Kwenye Beseni

Haya yalimpata rafiki yangu Shigela, fundi umeme wa Buzuruga. Alasiri moja mteja wake, Dorcas, alimpigia simu kutoka Nyegezi, kando ya ziwa: umeme wa mtaa umekatika, na mashine ya oksijeni ya mama yake inategemea betri ya ukutani.

Shigela alipofika alikuta taa za nyumba nzima zikijiwasha na kujizima, tak, tak.

"Dada, hizi swichi za kuwashia kwa simu hazipatani na betri yako. Zinakumalizia chaji."

"Basi zing'oe, kaka! Unanihubiria nini, mama anaondoka!"

Wingu la mvua lilikuwa limelifunika ziwa, na kila taa zilipojizima ndani kulikuwa giza totoro. Shigela alizing'oa zote sita kwa kupapasa, akazitupa kwenye beseni. Alikuwa amechelewa. Chaji iliisha, mashine ikanyamaza.

"Pumua, mama," Dorcas alilia. "Pumua, mama yangu."

Mama akavuta pumzi. Kwenye beseni, swichi zisizoungwa na waya wowote zikalia: tak. Akashusha pumzi. Tak. Akavuta tena. Tak.

Kisha pumzi haikusikika tena, na swichi ziliendelea kulia, taratibu vilevile.