Niulizeni Mimi

Mimi ni Bibi Mwanakheri wa Kimamba. Ninaishi peke yangu. Asubuhi nafagia uwanja, nawapa kuku pumba, kisha naenda kwenye bustani yangu ya mchicha.

Mwezi mmoja nilianguka mara tatu. Mwanangu wa kiume akapiga simu kutoka Morogoro.

"Mama, kama ni uzee, nakuja kukuchukua uhamie kwangu."

Kuhama sikutaka. Binti yangu Shamimu akanipeleka hospitali, Kilosa. Tukapokelewa na Elikana, mwanafunzi wa udaktari. Hakuniamkia. Akamgeukia Shamimu.

"Bibi anakula?"

"Nakula," nikajibu mimi.

"Choo anapata?"

"Kijana, choo changu, unamuuliza Shamimu?"

Shamimu akanibana mkono. "Mama, tulia."

Elikana akaandika. "Ni uzee tu. Asiishi peke yake."

Hapo nilichoka kabisa.

"Mjukuu wangu, kitendawili."

"Tega," akasema, macho kwenye karatasi.

"Amekaa katikati ya watu. Wote wanamsema, hakuna anayemsemesha."

Akafikiri. "Maiti?"

"Bado kidogo. Nipe mji."

"Chukua Mikumi."

"Nimefika Mikumi, nimekula, nimeshiba. Jibu ni mzee aliyeletwa hospitali."

Mtu akacheka mlangoni. Alikuwa Daktari Tumwagile, mwalimu wa Elikana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Akavuta kiti, akakaa tukatazamana.

"Ulipoanguka, ulikuwa unafanya nini?"

"Natoka kitandani. Nikisimama tu, kizunguzungu."

"Unameza dawa gani?"

Nikafungua pindo la khanga, nikatoa bahasha mbili za dawa. "Hizi nyeupe za presha, nilipewa Kimamba. Hizi za njano nilipewa nilipokwenda kutibiwa goti. Nameza zote."

"Za njano ni za nini?"

"Sijui. Nani aliniambia?"

Daktari akampa Elikana bahasha. Kijana akasoma, sauti ikapungua.

"Zote ni za presha."

Wakanipima nikiwa nimelala, kisha nikiwa nimesimama. Niliposimama, presha ilishuka sana.

"Umeona?" Daktari akamwambia Elikana. "Dawa zimezidi, ndiyo maana anaanguka. Wewe umeandika uzee. Mzee muulize mwenyewe, polepole, na umwombe aje na dawa zake zote."

Kisha akanigeukia. "Bibi, za njano nimezisimamisha. Nyeupe endelea nazo, usiache bila kutuuliza. Ukiamka, kaa kwanza kitandani, kizunguzungu kiishe, ndipo usimame. Urudi wiki ijayo tukupime. Elikana, anza upya."

Kijana akavuta kiti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Haya, sasa niulize hicho choo."

Miezi miwili ikapita bila kuanguka. Siku moja mwanangu wa Morogoro, aliyedhani bado ni uzee, akaja na gari kunichukua. Alitukuta bustanini, mimi na Shamimu, tunafunga mafungu ya mchicha.

"Shamimu, mama anaendeleaje?"

Shamimu hakuinua hata kichwa. "Mama si huyo? Muulize mwenyewe."

Akaniuliza. Tulizungumza mpaka adhuhuri. Akarudi Morogoro na mafungu sita ya mchicha. Mimi nikabaki.