Koti la Marehemu Fred

Mvua ilishuka ghafla sokoni Musoma, watu wakajibanza popote. Kijana mmoja, shati jeupe limemganda mwilini, akaingia kwenye kibanda cha vitenge cha Selestina, akatabasamu.

“¿Me prestas el paraguas, por favor?”

Mkasi ukamponyoka Selestina. Kihispania! Fred, mchumba wake aliyezama ziwani kule Murangi, ndiye alikuwaga akimwomba vitu hivyohivyo: niazime kalamu, niazime mwavuli. Alijifunza kwa ajili ya watalii wanaozuru Mwitongo, kule Butiama, akamfundisha na yeye. Ila Fred hakumalizaga na “por favor”. Neno tafadhali lilimshinda kwa lugha zote.

“Nani kakufundisha?”

“Natembezaga wageni Butiama. Naitwa Danford. Mbona umeangusha mkasi, dada?”

“Chukua mwavuli uende!”

Kesho yake akaurudisha, na sambusa juu. Ukawa mchezo wao. Leo anaazima kijiko, kesho mkasi, yote kwa Kihispania na adabu zake. Simu nazo hazikupoa.

“Mamii, leo niazime nini?”

“Akili, maana huna!”

Selestina alicheka mpaka akajishangaa. Habari za Fred hakuzigusa.

Siku Danford alipokaribishwa chai nyumbani, akaliona koti la kaki nyuma ya mlango. Uso ukambadilika.

“La nani hilo?”

“La Fred, marehemu mchumba wangu. Aliliacha asubuhi ile. Sijalifua, lina harufu yake. Nikizidiwa nalala nalo.”

Danford akaaga, chai hajamaliza. Baada ya hapo, kimya. Simu inaita tu. Selestina akaanza kusikia nyayo mlangoni. Koti likawa linatikisika na upepo hakuna. Fred hataki, akajisemea, Fred ananionea wivu. Akalikunja, akapanda gari la Butiama.

“Kama unaogopa wafu, ungesema!” alimfokea Danford uwanjani kwao.

“Selestina, koti ni langu. Fred tulifanya kazi pamoja, nilimwazima wiki ileile aliyozama. Na kwetu mfiwa haombwi kitu alichoazima marehemu. Anangojwa akilete mwenyewe. Sasa ningekwambiaje?”

Mungu wangu! Miaka miwili amemlilia Fred kwenye koti la mtu mwingine. Mikono ile ya koti iliyokuwa ikimfunika Fred mpaka vidoleni, kumbe!

“Kwa hiyo hata harufu yake sina!” Akalia kama siku ya msiba. Danford hakumgusa, alimwacha alie.

Alipotulia, akamkabidhi koti kwa mikono miwili. “Gracias,” akamshukuru.

Danford akalivaa. Likamkaa sawasawa. Kisha akanyoosha kiganja.

“¿Me prestas tu mano, por favor? Niazime mkono wako.”

“Utaurudisha lini?”

“Huo sirudishi. Nakuja kwenu na wazee.”

Selestina akageuka, akaitazama njia aliyojia mpaka akaridhika kwamba hakuna mtu aliyesimama pale. Ndipo akampa mkono.