Robota la Aurelia Lafunguliwa

Katika kijiji kimoja kando ya barabara ya kutoka Songea mjini kwenda Namtumbo, waliishi Emiliani na mkewe Aurelia, wazazi wa Thadei. Walilima mahindi ya chakula na tumbaku ya kuuza. Emiliani alipasua kuni na kulinda moto wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku. Aurelia alichambua majani. Asubuhi, majani yakiwa bado laini kwa umande, aliyapanga: marefu huku, mafupi kule, yaliyotoboka pembeni. Hakuna aliyemshinda kwa kazi hiyo.

Hata hivyo, kila msimu tumbaku yao ilipewa daraja la chini. Ya Mzee Alfani, mkulima mkubwa mwenye lori, ilipewa daraja la kwanza.

Ilikuwa mwaka 1996. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuingia vijijini, na kila mtu alizungumzia soko huria. Alasiri moja alipita Oliva, mwalimu wa elimu ya watu wazima.

"Shikamoo, Baba Thadei. Mbona wiki nzima hamjaonekana darasani?"

"Marahaba, mwalimu. Tunafunga marobota ya tumbaku. Ingawa sijui tunajisumbulia nini. Sisi ni watu wa daraja la chini, na tumbaku yetu vivyo hivyo."

Oliva akaketi juu ya gogo. "Nani kakwambia?"

"Vidole vya mkono havilingani, mwalimu."

"Kweli havilingani. Lakini umewahi kuona kidole gumba kikila ugali peke yake?"

Aurelia akaangua kicheko.

"Waliosomea mambo ya jamii wamejiuliza sana kwa nini wengine wana zaidi," Oliva aliendelea. "Wapo wanaosema kazi ya ujuzi lazima ilipwe zaidi, ndipo watu wajitahidi kujifunza."

"Basi Mama Thadei angekuwa tajiri," Emiliani alisema.

"Ndiyo maana wengine wanapinga. Wanasema mwenye shamba kubwa, lori na ghala ndiye anayepanga mambo, na huyapanga yamfae yeye. Wengine wanaongeza: si mali tu, hata jina. Mtu akishaitwa mnyonge, watu humtendea kama mnyonge. Mwisho hata yeye mwenyewe huamini."

 Neno hilo lilimchoma Emiliani.

"Sasa kweli iko wapi?" Aurelia aliuliza.

"Kila mmoja ameona upande wake, mama. Siku ya soko tazameni wenyewe. Nani anatangulia? Robota la nani linafunguliwa? Tena ubao wa ghala la ushirika unasema mkulima asiyekubali daraja aombe tumbaku yake iteuliwe upya, yaani ipangiwe daraja tena. Usomeni."

Siku ya soko Aurelia aliusoma ubao ule neno kwa neno. Kisha wakatazama. Mteuzi, yaani mtoa madaraja, alimwamkia Mzee Alfani kwa heshima. Akafungua robota lake penye mwanga, akapapasa majani, akaandika daraja la kwanza. Ilipofika zamu ya Emiliani, mteuzi aliuliza tu, "La nani hili?" Akaandika daraja la nne bila hata kugusa kamba.

"Bwana mteuzi," Aurelia alisema, "robota letu hujalifungua."

"Mama, subiri nje. Nitaongea na mwenye tumbaku."

  Miaka yote, hapa ndipo Emiliani alipoinamisha kichwa. Safari hii akaisogelea meza.

"Mwenye tumbaku ndiye huyo," alisema. "Yeye amechambua kila jani. Mimi napasua kuni tu. Daraja hilo hatulikubali. Tunaomba iteuliwe upya, kama ubao unavyosema."

Mteuzi akamtazama Mzee Alfani. Mzee akakohoa. "Wallahi, lifungueni," alisema. "Hata mimi nataka kuona."

Kamba zikakatwa. Majani yalitoka marefu, ya kahawia iliyoiva, bila tundu.

"La kwanza hilo!" mtu alipaza sauti.

"Hapana," Aurelia alisema. "Haya ya pembeni yalizidiwa na moshi. La kwanza sidai. La pili ni haki yetu."

Mteuzi alipapasa, akanusa, akageuza. Kisha akafuta nne, akaandika mbili.

"Mama, umejifunzia wapi?"

"Mikononi mwangu."

Nyuma yao watu wakaanza kudai, "Na langu lifunguliwe!" Siku ile marobota kumi na moja yalifunguliwa. Mengine yalipanda daraja, mengine yalibaki palepale, lakini kila mwenye robota alijua sababu.

Kabla ya msimu uliofuata, wanachama wa ushirika walikubaliana marobota yafuate foleni, na kila moja lifunguliwe mbele ya mwenyewe. Darasani kwa Oliva, Aurelia alifundisha wenzake kuchambua majani. Mzee Alfani aliendelea kuwa na lori, na Emiliani baiskeli. Lakini ghalani wote walipimwa kwa jicho moja.

Ikafika siku ya kuchagua kamati ya soko. Bibi Tabu, mkulima mwenzao, alinyoosha mkono. "Nampendekeza Aurelia."

"Aurelia yupi?" katibu aliuliza. "Hapa wapo wanne."

Emiliani alikuwa amekwisha simama, kifua mbele.

"Yule anayeijua tumbaku," alisema. "Mke wangu."